Yowe na Masikio: Ulinzi wa Raia Kilosa na Mikumi

Kabla neno polisi halijaingia katika lugha yetu, ulinzi ulikuwa na mahali pake panapojulikana. Kwa mkulima, mahali hapo ni dungu, ule ulingo wa miti uliosimikwa katikati ya shamba, ambapo mtu hukesha na kombeo mkononi akiwinga ndege na kufukuza nyani na nguruwe. Kwa mfugaji ni zizi, ua wa miba unaofungwa jua likizama, na mwenyewe akalala sikio wazi. Wote wawili ni walinzi, na wote wawili hawana usingizi. Lakini ng'ombe aliye uhai wa mwenye zizi ndiye huyohuyo aogopwaye na aliye juu ya dungu. Serikali inapokuja na kuweka mlinzi mmoja kwa ajili yao wote, mlinzi huyo hana budi kuuliza: kilindwe nini kwanza? Na akishauliza, amsikilize nani?

Swali hili siku hizi huitwa ushirikishwaji wa raia katika ulinzi, na huzungumzwa kana kwamba ni jambo la jana. Wilaya ya Kilosa, katika Mkoa wa Morogoro, inatuonyesha kuwa ni la zamani. Watu wa huko wamekuwa wakiulizwa juu ya usalama wao, au wakijiuliza wenyewe, kwa muda wa miaka mia na zaidi. Tatizo lao halikuwa kukosa kuulizwa tu. Mara nyingi aliulizwa mmoja, na jibu lake likahesabiwa kuwa la wote.

Kilosa si ngeni kwa watu wa visiwani. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilikata nchi ya Usagara, na bonde la Mto Mkondoa lilijulikana kwa wapagazi na wafanyabiashara kabla halijajulikana kwa wachora ramani wa Ulaya. Huko Msowero, Novemba 1884, Carl Peters alimfikia mtawala aitwaye Mangungo na kupata kwake karatasi ambayo Wajerumani waliidai kuwa imewapa nchi. Kila mtoto wa shule wa Tanzania amefundishwa habari za mkataba ule. Sayyid Barghash alipinga kutoka Unguja, na upinzani wake haukufua dafu mbele ya manowari za Wajerumani mwaka 1885. Tumezoea kumlaumu Mangungo kwa kutojua alichokitia alama. Lakini liko somo jingine ambalo halisomeshwi sana. Mtu mmoja alikamatwa neno akahesabiwa amesema kwa niaba ya watu wote, wakiwamo wasiomjua na wasiomtii. Somo hilo tutakutana nalo tena.

Baada ya karatasi ikaja reli, na baada ya reli ukaja mkonge. Kimamba, Rudewa na Msowero zikageuka nchi ya mashamba makubwa, na vibarua wakamiminika kutoka mbali kuja kukata mkonge. Wenyeji, yaani Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, wakajikuta wanaishi pamoja na watu wa makabila mengi. Na tangu karne ya 19 walikuwapo pia wafugaji Waparakuyo, ndugu wa Wamasai kwa lugha na desturi, waliozungusha mifugo yao katika mbuga na mabonde hayohayo. Baadaye walifuata wafugaji wengine, Wasukuma miongoni mwao. Kilosa ikawa wilaya ambayo neno "mwananchi" halina sura moja.

Waingereza walipoitwaa Tanganyika, jeshi la polisi liliundwa mwaka 1919, na nguvu yake kubwa ikawekwa mijini. Vijijini ulinzi uliachiwa watawala wa kienyeji. Chini ya Gavana Donald Cameron, sheria ya mwaka 1926 iliwapa watawala hao mabaraza, matarishi na kodi ya kukusanya. Kaskazini ya Kilosa iliundwa tawala ya Ukaguru, yenye mtawala mkuu na walio chini yake. Katika tawala hiyo Mkaguru alikuwa mtu wa nyumbani. Mparakuyo, hata kama babu yake alizikwa hapo, alikuwa mtu wa kupita. Baraza lilipokaa kuamua ng'ombe wa nani amekula mtama wa nani, hakimu na mdai walikuwa wa upande mmoja, na mdaiwa alisimama peke yake. Mfugaji naye hakuwa malaika: wizi wa mifugo ulikuwapo, na mashamba yaliliwa kweli.

Mtaalamu wa Kimarekani T. O. Beidelman, aliyefanya utafiti Ukaguru mwaka 1957 na 1958, aliandika kwa kirefu juu ya uhusiano huo. Alionyesha kwamba mahali pa pombe palikuwa ndipo majirani hao wanapokutana, wanapogombana, na wakati mwingine hata kushirikiana. Aliandika pia juu ya vuguvugu lililozuka Ukaguru katika miaka hiyo ya mwisho ya ukoloni, likiitwa Umwano. Neno hilo linatokana na mwano, nalo kwa watu wa pande hizo ni yowe, ule ukelele upigwao hatari ikifika ili kila mwenye nguvu atoke na alichonacho mkononi. Wakaguru waliona kuwa polisi wa Kilosa mjini yuko mbali na kesi zao hazimalizi kitu. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwa hivyo wakakusanyika wenyewe kuwakabili wafugaji.

Tuitazame Umwano kwa haki. Kwa upande mmoja, hii ni sauti ya raia waliochoka. Hakuna ofisa aliyewaita kuwauliza kipaumbele chao ni kipi. Walikitangaza kwa yowe. Kwa upande wa pili, yowe lile lilikuwa la kabila moja dhidi ya jirani. Aliyelisikia akiwa zizini hakujua kuwa anaalikwa kuja kusaidia. Alijua kuwa anatafutwa. Tangu hapo historia ya ulinzi wa raia Kilosa imebeba sura hizo mbili.

Uhuru ulibadili mengi. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960, TANU ilimweka balozi katika kila nyumba kumi, na mtu huyo akawa sikio la chama na la serikali pamoja. Miaka ya 1970 vikaja vijiji vya ujamaa na mgambo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 ikaweka utaratibu ambao msingi wake upo hadi leo: mkutano mkuu wa kijiji wa watu wazima wote, halmashauri ya kijiji, na ndani ya halmashauri hiyo kamati ya ulinzi na usalama. Kwenye karatasi, ni vigumu kupata mpango uliompa mwanakijiji nafasi kubwa zaidi ya kusema juu ya usalama wake.

Wakati huohuo, huko Kahama na Nzega, watu waliokuwa wamechoshwa na wizi wa ng'ombe na ujambazi walianzisha Sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jina ni la wale siafu weusi waumao kwa pamoja. Sungusungu walikuwa na pinde, mishale na filimbi, na walikuwa na kitu ambacho polisi hawakuwa nacho: imani ya watu. Mwalimu Nyerere na chama chake waliwatetea, ijapokuwa wapo waliokufa mikononi mwao bila ya kufikishwa mahakamani. Mwaka 1989 Bunge likawatambua kisheria kwa kurekebisha sheria za mgambo. Mfano huo ukaenea nchi nzima, Kilosa ikiwamo. Lakini Usukumani, mwenye shamba na mwenye ng'ombe aghalabu ni mtu mmoja, na mwizi anayetafutwa ni adui wa wote. Kilosa mambo ni mengine. Huko mlinzi wa kijiji cha wakulima akikamata mifugo iliyoingia shambani, amekamata mali ya kijiji cha pili. Faini anayotoza, kwa aliye upande wa pili haina tofauti na unyang'anyi.

Ardhi nayo ilizidi kubana. Bei ya mkonge ilianguka tangu katikati ya miaka ya 1960, mengi ya mashamba yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha, na mengine yakabaki mapori. Wakulima waliongezeka, bustani na mpunga vikashuka mpaka kwenye maeneo ya unyevunyevu, na hayo ndiyo malisho ya kiangazi ya mfugaji. Serikali iliandikisha vijiji vya wafugaji, kama vile Twatwatwa na Mabwegere, lakini mipaka yake ikawa chanzo kipya cha mashitaka. Mgogoro wa Mabwegere na majirani zake ulifika mahakamani na kudumu miaka mingi. Kila kijiji kilikuwa na kamati yake ya ulinzi. Hapakuwa na kamati ya baina ya vijiji, na hatari ilikuwa inakaa hapo hasa, mpakani.

Tarehe 8 Desemba 2000 hatari hiyo ilijidhihirisha. Katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni watu 38 wa upande wa wakulima waliuawa na wafugaji wa Kimasai, na wengine wengi wakajeruhiwa. Nchi nzima ilishituka. Watu walizoea kusikia kuwa Tanzania ni kisiwa cha amani, na sasa waliambiwa kuwa mwendo wa saa chache kutoka Dar es Salaam wanakijiji wameangamia kwa siku moja.

Magazeti mengi yaliandika kuwa huu ni ugomvi wa asili wa mkulima na mfugaji, kama vile Habili na Kabili. Maelezo hayo ni mepesi mno. Watafiti Tor Benjaminsen, Faustin Maganga na Jumanne Moshi Abdallah, katika makala waliyoichapisha mwaka 2009, walilichunguza tukio hilo na kuonyesha mizizi miwili. Wa kwanza ni sera za muda mrefu zilizomsukuma mfugaji pembeni. Wa pili ni rushwa. Pande zote mbili zilikuwa zimepoteza imani kwamba ukienda kwa ofisa utapata haki. Waliona kuwa hapo haki hununuliwa. Na mtu asiyeamini tena kuwa kuna wa kumsikiliza hutafuta njia nyingine ya kusikika. Hilo haliwapunguzii wauaji dhambi yao hata chembe. Waliouawa Rudewa hawakuwa wao waliopanga sera wala waliokula rushwa. Lakini kama tunataka kujua kwa nini ulinzi ulishindwa, hatuna budi kuanzia hapo: masikio yalikuwapo, na yalikuwa yakiuzwa.

Mwaka 2006 Said Mwema alipokuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi, maneno mapya yaliingia katika hotuba: polisi jamii na ulinzi shirikishi. Nia ilikuwa njema, nayo ni askari asikae kituoni kungoja maiti iletwe, bali atoke, akae na watu, aulize wanaogopa nini. Vikundi vya ulinzi shirikishi viliundwa bara na visiwani, kwa kuwa polisi ni jambo la Muungano. Kilosa, hata hivyo, neno lililosikika kwa nguvu zaidi mwaka 2009 lilikuwa operesheni. Serikali iliamua kuhamisha mifugo kutoka wilayani humo, na familia za wafugaji zikatolewa walikokuwa wakiishi. Kwa mkulima aliyekumbuka Rudewa, hili lilikuwa jibu la kilio chake. Kwa mfugaji lilikuwa adhabu ya watu wote kwa kosa la baadhi. Si ajabu kwamba mapigano hayakwisha. Katika mwongo uliofuata jina la zamani lilirudi katika habari za Mkoa wa Morogoro: vikundi vya wakulima viliitwa tena Mwano. Kwa nusu karne yowe halikuwa limepata mahali pengine pa kwenda.

Tushuke sasa Mikumi, kusini ya wilaya hiyohiyo, tuone upande mwingine wa jambo hili. Mikumi ni mji wa barabara na wa hifadhi. Hifadhi ya Taifa iliundwa mwaka 1964, nayo ina eneo la kilomita za mraba zaidi ya 3,000. Barabara kuu iendayo Zambia inaipasua katikati, na mji umekaa ukingoni mwake, ukiishi kwa wasafiri, madereva wa malori, watalii na mashamba ya pembeni. Katika mji kama huu walinzi si haba. Kuna askari wa usalama barabarani, kuna askari wa hifadhi, kuna kituo cha polisi. Lakini barabara ni ya taifa na tembo ni wa dunia. Vyote viwili vimekwisha kupangiwa ulinzi kutoka mbali. Mwenye shamba la mahindi anayekesha kwenye dungu akimngoja tembo huyo, au mama mwenye mgahawa anayefunga usiku, ndiye anayebaki kuuliza: na mimi je?

Isidhaniwe kuwa tembo si jambo la kulindwa. Katika mfumo wa ikolojia wa Selous na Mikumi, hesabu ya mwaka 2009 ilikuta tembo wapatao 38,000 na zaidi. Mwaka 2013 walibaki kiasi cha 13,000. Huo ulikuwa uporaji mkubwa, na Serikali ilikuwa na haki ya kushituka. Oktoba 2013 ikaanzishwa Operesheni Tokomeza nchini kote, wakishirikishwa wanajeshi, polisi na askari wa wanyamapori. Kipaumbele kilikuwa sahihi. Lakini operesheni ikaanguka kwa namna ilivyowaendea raia. Malalamiko ya mateso, vifo na mifugo iliyouawa yalifika Bungeni, operesheni ikasimamishwa baada ya wiki chache, na kamati ya Bunge ikachunguza. Tarehe 20 Desemba 2013 mawaziri wanne walipoteza nyadhifa zao: wa Maliasili, wa Mambo ya Ndani, wa Ulinzi na wa Mifugo. Wa Ulinzi alikuwa Shamsi Vuai Nahodha, aliyepata kuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar, na kwa hivyo habari hiyo ilizungumzwa sana katika baraza za Unguja. Funzo lake ni kwamba hata jambo jema, likifanywa bila ya kumsikiliza anayeishi nalo, humgeuza shahidi akawa mshitakiwa. Mtu aishiye jirani na hifadhi ndiye wa kwanza kumwona jangili anapita. Akishapigwa na mlinzi, hatasema tena alichokiona.

Miaka ya karibuni yameongezwa mengine. Wakati wa uongozi wa Simon Sirro, polisi walipelekwa kukaa katika kata, ili kila kata iwe na ofisa wake. Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya kutazama taasisi za haki jinai, ikiongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Tume ilikusanya maoni ya raia, na ripoti yake iliyokabidhiwa Julai 2023 ilipendekeza kuwa Jeshi la Polisi ligeuzwe kuwa chombo cha kutoa huduma. Badiliko hilo si la jina tu. Jeshi humuuliza mkubwa wake. Huduma humuuliza anayehudumiwa.

Na hapa ndipo Kilosa inapokuwa na neno la kutuambia. Kumuuliza raia si kazi nyepesi, kwa sababu raia si mmoja. Mkutano wa kijiji ukiitishwa kiangazi, mfugaji amekwisha ondoka na ng'ombe wake kufuata maji. Maazimio yatakayotoka hapo yataitwa ya kijiji, nayo ni ya nusu kijiji. Kamati ya ulinzi ikijaa wenye mashamba, jinai ya kwanza kwenye orodha itakuwa ng'ombe kuingia shambani. Ikijaa wenye mifugo, itakuwa ng'ombe kukamatwa. Wanawake wachotao maji katika mto uleule na wafuasi wa pande zote mbili, hofu yao huenda isiandikwe kabisa. Mgeni wa Mikumi aliyehamia mwaka jana hana balozi anayemjua. Kila mmoja wa hawa akinyamazishwa, ofisa wa kata atarudi na daftari lililojaa na nchi asiyoijua.

Kwa hivyo kipimo cha ulinzi shirikishi kisiwe idadi ya mikutano wala ya vikundi vilivyopewa fulana na filimbi. Kipimo kiwe hiki: je, wanaogopana wamekaa mkeka mmoja, mbele ya ofisa mmoja, na kila mmoja akasikia hofu ya mwenziwe ikiandikwa pamoja na yake? Je, ofisa huyo alirudi kuwaeleza alichofanya? Na je, faini iliyotozwa ilikatiwa stakabadhi? Haya ni mambo madogo, na hayahitaji tume. Lakini ni katika mambo madogo kama haya imani ilipotelea Rudewa.

Sisi wa visiwani tusijione tuko kando. Kwetu anayepeleka sauti ya mtaa kwa polisi ni sheha, na sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Hachaguliwi na mtaa. Ziko shehia ambazo sheha ni mzazi wa wote, na ziko ambazo nusu ya watu hawamgongei mlango. Polisi akimuuliza sheha pekee, amelisikia jibu moja, na hajui amekosa mangapi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa namna hii hauonekani kwa aliyesimama upande mmoja wa nyumba.

Mwano, katika maana yake ya kwanza, halikuwa neno la vita. Lilikuwa neno la mtu aliyepatwa na jambo kubwa kuliko nguvu zake, akapaza sauti akiamini kuwa jirani atatoka. Lilipata maana ya vita pale ilipokuwa jirani mmoja amehesabiwa kuwa ni jirani na mwingine akahesabiwa kuwa ni hatari. Kazi ya serikali inayojiita ya watu ni kulirudisha neno hilo mahali pake, ili mkulima akilipiga usiku, mfugaji naye atoke. Na ng'ombe wa mfugaji wakiibwa, wa kwanza kufika zizini awe aliyekuwa juu ya dungu.